Kulainisha Nyama ya Ng'ombe kwa Joto Lililohifadhiwa

Ikungi ni wilaya ya Mkoa wa Singida iliyoundwa mwaka 2012 kutokana na iliyokuwa Wilaya ya Singida Vijijini. Ni nchi kavu ya uwanda wa juu, na wenyeji wake, ambao wengi ni Wanyaturu, hulima mtama, uwele na alizeti na kufuga ng'ombe. Barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Singida hupita hapo, na wasafiri huhitaji chakula cha moto kinacholika upesi. Mkate au skonzi iliyojazwa nyama laini yenye mchuzi wake ni chakula cha namna hiyo. Tatizo ni kwamba nyama ya ng'ombe wa kienyeji, ingawa ni tamu, mara nyingi ni ngumu, na kuilainisha juu ya mafiga huteketeza kuni nyingi. Somo hili laeleza jinsi kazi hiyo inavyoweza kufanywa kwa moto mdogo, na hatari ambayo mpishi hana budi kuiepuka.

Kwa nini nyama huwa ngumu

Nyama ni mafungu ya nyuzinyuzi za misuli yaliyofungwa pamoja kwa utando mweupe. Utando huo umejengwa kwa protini iitwayo kolajeni. Misuli inayofanya kazi sana, kama ile ya miguu, shingo na bega, ina kolajeni nyingi. Na kadiri mnyama anavyozeeka, kolajeni hiyo huzidi kushikamana. Ng'ombe wa Singida ni wa jamii ya zebu wenye pembe fupi, na katika jamii hiyo imo aina nyeupe inayojulikana kwa jina la mkoa wenyewe. Wakati wa kiangazi ng'ombe hawa hutembea mwendo mrefu kutafuta malisho na maji, na wengi huchinjwa wakiwa wamekwisha komaa. Ndiyo sababu nyama yao hushinda meno ya wazee na ya watoto.

Nyama inapopashwa joto, mambo mawili hutokea kwa zamu. Kwanza, ifikapo nyuzijoto 60 hivi za Sentigredi, nyuzinyuzi za misuli huanza kukaza na kutoa maji, na nyama huwa ngumu zaidi. Pili, ikiendelea kukaa katika maji yenye nyuzijoto zaidi ya 70 kwa saa kadhaa, kolajeni huyeyuka kidogo kidogo na kugeuka jelatini, kitu kile kile kinachofanya mchuzi wa mifupa ugande ukipoa. Hapo mafungu ya nyama huachana, na nyama huchambuka kwa uma. Basi kinacholainisha nyama ngumu ni joto la kadiri pamoja na muda mrefu.

Moto mkubwa hauongezi joto la sufuria

Watu wengi hudhani kwamba maji yanayochemka kwa nguvu huivisha upesi kuliko yanayochemka taratibu. Sivyo. Pwani, maji huchemka kwa nyuzijoto 100. Kila mtu apandapo mita 300 hivi juu ya usawa wa bahari, kiwango hicho hupungua kwa karibu nyuzijoto moja. Katika uwanda wa Singida, ulio kwenye kimo cha mita 1,500 hivi, maji huchemka kwa karibu nyuzijoto 95. Yakisha kuchemka, hayapandi tena hata moto ukichochewa namna gani. Nguvu inayozidi hutoka pamoja na mvuke.

Hasara hiyo yaweza kuhesabiwa. Kuipasha lita moja ya maji kutoka nyuzijoto 20 hadi 95 huhitaji kilojuli 315 hivi. Kuigeuza lita hiyo hiyo kuwa mvuke huhitaji karibu kilojuli 2,270, yaani zaidi ya mara saba. Kwa hiyo mpishi anayeacha lita moja ya mchuzi ikauke na kuongeza maji mengine ametumia joto ambalo lingetosha kuchemsha lita saba. Kuni zilizokwenda bure hapo ziliokotwa na mtu na kubebwa kichwani, tena kutoka vichaka vinavyozidi kuwa mbali.

Kapu la kupikia

Joto husafiri kwa njia tatu: kwa mpitisho, yaani kupita ndani ya vitu vilivyogusana, kwa myuko, yaani kuchukuliwa na hewa au kimiminika kinachosogea, na kwa mnururisho, yaani kuruka kutoka kitu chenye moto bila kuhitaji cha kulipitisha. Hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida sana. Sufuria yenye moto ikizungushiwa kitu chenye vijishimo vingi vya hewa isiyosogea, itapoa polepole mno.

Jambo hili si geni. Mwaka 1867, katika maonyesho ya mataifa yaliyofanyika Paris, Wanorwei walionyesha sanduku la kupikia lililofanya kazi kwa kanuni hiyo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili wananchi wa Uingereza walihimizwa kupika katika masanduku yaliyojazwa nyasi kavu ili kuokoa nishati. Katika Afrika ya Mashariki makapu ya namna hiyo yamefundishwa katika vikundi vya akina mama. Sufuria ya umeme ya kupikia polepole nayo ni ndugu wa kapu hilo. Mmarekani Irving Naxon alipata hataza yake mwaka 1940, na tangu mwaka 1971 ilienea majumbani kwa jina la Crock-Pot. Tofauti ni kwamba sufuria ya umeme hurudishiwa joto linalopotea, bali kapu halirudishiwi kitu. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayozaa masharti yote yafuatayo.

Ili kutengeneza kapu, huchukuliwa tenga au kapu kubwa kuliko sufuria, likatandikwa gunia safi ndani yake. Chini na pembeni hushindiliwa nyasi kavu, pamba au vipande vya nguo kuukuu, kwa unene usiopungua sentimita 10, na katikati huachwa nafasi inayoibana sufuria barabara. Juu huwekwa mto mnene wa nguo uliojazwa vitu hivyo hivyo. Vyote sharti viwe vikavu, kwa kuwa maji hupitisha joto kuliko hewa.

Kabla ya kupikia nyama, kapu lijaribiwe. Sufuria hujazwa maji, huchemshwa, hufunikwa na kuingizwa kapuni. Baada ya saa nne joto lake hupimwa kwa kipimajoto. Likiwa nyuzijoto 70 au zaidi, kapu linafaa. Likiwa chini ya hapo, vijazio viongezwe na mianya izibwe.

Namna ya kupika

Nyama ya bega, shingo au mguu hukatwa vipande vya sentimita 4 hivi, ikatiwa chumvi, vitunguu, nyanya na maji ya kuifunika. Sufuria ijae angalau robo tatu, kwani iliyo nusu hupoa upesi. Ikisha kuchemka, iachwe juu ya moto mdogo, ikiwa imefunikwa, kwa dakika 30, ili joto lifike katikati ya kila kipande. Kisha iingizwe kapuni mara moja bila kufunuliwa, na ikae humo saa nne. Ikitoka, irudishwe motoni ichemke barabara kwa dakika 10. Kama nyama bado ni ngumu, sufuria irudi kapuni kwa saa mbili nyingine, halafu ichemshwe tena. Nyama iliyoiva huchambuliwa kwa uma safi, hurudishwa katika mchuzi wake, na hutiwa ndani ya skonzi ingali na moto.

Hatari ya joto la vuguvugu

Kuna bakteria aitwaye Clostridium perfringens ambaye spora zake hazifi kwa kuchemshwa. Mchuzi ushukapo chini ya nyuzijoto 60, spora hizo zaweza kuamka na kuanza kuzaana. Karibu na nyuzijoto 45 bakteria huyo huweza kuongezeka maradufu kila dakika 10. Mmoja akianza, baada ya saa moja watakuwa 64, na baada ya saa tatu watapita laki mbili na nusu. Harufu na ladha ya nyama huenda zisibadilike hata kidogo, lakini wailao hushikwa na msokoto wa tumbo na kuharisha.

Kwa sababu hiyo sufuria isilazwe kapuni usiku kucha. Kama itokapo haitoi mvuke, au mtu aweza kuushika ubavu wake bila kuondoa mkono haraka, joto limekwisha shuka mno. Nyama iliyokaa vuguvugu kwa saa nyingi imwagwe, wala isitegemewe kuponywa kwa kuchemshwa, kwa maana baadhi ya bakteria wengine huacha sumu isiyoharibiwa na moto. Maharage mekundu nayo yasiingizwe kapuni kabla ya kulowekwa, kumwagwa maji yake, na kuchemshwa kwa nguvu katika maji mapya kwa dakika 10 au zaidi, kwa sababu sumu yake ya asili haivunjiki kwa joto dogo.

Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, umeweka lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Kapu halishindani na mkakati huo. Chungu kilichochemshwa kwa gesi au kwa umeme hupoteza joto sawasawa na kilichochemshwa kwa kuni, na kila nishati inunuliwayo yafaa kutunzwa. Mpishi anayejua kwamba nyama hulainishwa na muda, tena akakumbuka kuichemsha mwanzo na mwisho, atamuuzia msafiri mkate wenye nyama laini isiyomdhuru, na mzigo wa kuni nyumbani kwake utapungua.