Sadaka ya picha, gharama yake analipa nani?

Leo nataka tuzungumze jambo ambalo mimi mwenyewe nimo ndani yake, kwa hiyo asidhani mtu kwamba namnyooshea kidole.

Miaka michache iliyopita, katika kumi la kwanza la Ramadhani, kamati ya msikiti wetu huku Mbagala ilipokea futari kutoka kwa wafadhili: unga, sukari, maharage, mafuta ya kula na tende. Walengwa walikuwa wajane, wazee na walezi wa mayatima. Tukaweka meza uwanjani, tukatundika bango lenye majina ya wafadhili, tukawapanga akina mama mstari. Mpiga picha nilikuwa mimi, kwa simu yangu. Kila aliyefika mezani alitakiwa asimame na mgawaji, washike mfuko pamoja, watazame simu. Akafika mama mmoja jirani yangu, ambaye marehemu mumewe nilikuwa nikiswali naye safu moja. Alipopewa mfuko aliinamisha uso akavuta ushungi. Nami, Allah anisamehe, nikamwambia: "Shemeji, inua uso kidogo, huonekani."

Akainua. Nikapiga. Jioni ile picha zikaingia kwenye makundi ya WhatsApp, na kesho yake zilikuwa zimeshafika Tandika na Mwananyamala. Mwanawe wa kidato cha pili alioneshwa na wenzake kijiweni. Ramadhani iliyofuata jina la yule mama lilikuwa miongoni mwa ya mwanzo kwenye orodha yetu, lakini hakuja. Tulipomtuma mtu, alijibu kwa adabu tu kwamba wapewe wengine. Si kwamba hali yake ilikuwa imenyooka. Mke wangu anaingia jikoni kwake, anajua.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: tulimpa sadaka, au tulimuuzia?

Kujionesha katika jiji hili si jambo lililokuja na simu. Wazee wetu walicheza beni. Ngoma hii ilitoka pwani ya Kenya ikaenea Tanganyika, hasa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na hapa Dar es Salaam ilikuwa na pande mbili kubwa, Marini na Arinoti. Walivaa sare, wakapeana vyeo vya kijeshi vya Kizungu, wakashindana kwa gwaride na kwa karamu. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyeandika kitabu kizima juu ya beni mwaka 1975, anaonesha kwamba vyama hivyo vilikuwa pia vya kusaidiana, kwa maziko na shida nyingine. Lakini upande mmoja ukichinja, wa pili ulitaka uchinje zaidi, hata kama pesa ya kesho haijulikani itatoka wapi.

Kisha miaka ya 2000 tukapata mapedeshee. Neno lenyewe linasemekana limetokana na herufi za Kifaransa PDG, maana yake mkurugenzi mkuu, na lilikuja na wanamuziki wa Kikongo. Pedeshee alikuwa mtu anayetaka jina lake litajwe katikati ya wimbo. Kule Kinshasa mtindo huo huitwa mabanga, yaani mwanamuziki "anarusha jiwe" la jina lako na wewe unamlipa. Mwenye kumbukumbu ya kumbi za Kinondoni zama za Twanga Pepeta na FM Academia anajua nasema nini: noti zikibandikwa kwenye paji la uso la mwimbaji huku ukumbi mzima ukitazama nani anatoa. Mengi yaliyokuwa yakifanyika kwenye kumbi zile ni ya haramu na sina haja ya kuyapamba.

Ila kuna kitu kimoja katika habari ya pedeshee ambacho sisi watu wa kamati za misikiti tunapaswa kukitazama kwa aibu. Pedeshee alijitangaza kwa fedha yake na kwa jina lake. Akifilisika, kafilisika yeye. Mcheza beni aliyekopa ili upande wake usishindwe, deni lilikuwa lake. Sisi tumegundua njia ya kujitangaza ambayo gharama yake analipa mwingine, tena yule asiyekuwa na kitu. Sura ya mjane ndiyo noti tunayobandika kwenye paji la uso wetu.

Ukitaka kuona tulikojifunzia, fungua gazeti lolote la zamani ulilofungia vitumbua. Kuna picha ya watu watano wamesimama na hundi ya mfano kubwa kama mlango. Chini yake utasoma kwamba mheshimiwa fulani, kushoto, na cheo chake chote, akikabidhi msaada kwa "mmoja wa wazee" wa kituo fulani. Mtoaji ana jina, cheo na upande aliosimama. Mpokeaji ana uso tu. Makampuni yalifanya hivyo kwa kuwa ni biashara, na biashara hutaka kuonekana. Sisi tuliuchukua mtindo ule bila kuuliza, tukautia katika ibada.

Hapa najua wapo watakaosema: sheikh, mbona kutoa hadharani kunaruhusiwa? Ni kweli. Maana ya aya ya 271 ya Surat al-Baqara ni kwamba sadaka ikidhihirishwa ni vizuri, na ikifichwa ikapewa mafakiri ni bora zaidi. Na katika Sahih Muslim imo hadithi ya Jarir bin Abdillah (r.a.), kuhusu watu wa Mudhar waliofika Madina bila viatu, nguo zao duni. Uso wa Mtume (s.a.w.) ulibadilika alipoona shida yao. Akawahimiza Maswahaba, na Ansari mmoja akaja na mfuko mzito hata mkono wake ukawa unashindwa kuubeba. Watu wakamfuata, mpaka pakawa na marundo mawili ya chakula na nguo.

Lakini tazama nani alionekana pale. Ni mtoaji na mfuko wake, na kuonekana kwake kuliwavuta wengine watoe. Wale wa Mudhar hawakuamriwa wasimame mmoja mmoja na kuinua nyuso ili watu wahesabu nani kapata nini. Na aya ya 264 ya sura ile ile inakataza kuibatilisha sadaka kwa masimango na udhia, kisha inamfananisha mwenye kufanya hivyo na anayetoa ili watu wamuone. Mimi nilikuwa nadhani masimango ni maneno tu. Kumbe picha nayo inasimanga, tena haichoki, maana kila anayeifungua inamsimanga upya.

Wanahistoria wanasimulia habari ya Ali bin Husayn, Zaynul Abidin, mjukuu wa Bibi Fatma (r.a.). Usiku alikuwa akibeba magunia ya chakula mgongoni kuwapelekea mafakiri wa Madina. Watu walikula bila kujua kinatoka wapi, mpaka alipofariki na chakula kile kikakatika. Waliomuosha wakakuta alama za magunia mgongoni.

Sasa niwe mkweli kwa upande wa pili. Wafadhili hawaombi picha kwa riyaa tupu. Wapo waliotoa vya Ramadhani vikaishia dukani kwa mjumbe wa kamati, nao wana haki ya kujua amana yao imefika. Lakini ushahidi si lazima uwe uso wa mtu. Kuna risiti za duka la jumla, kuna picha ya magunia kabla hayajafunguliwa, kuna daftari la sahihi linalokaa kwa katibu, na mfadhili anaweza kumtuma mtu wake ashuhudie. Hata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za mtu amweleze ni za kazi gani. Shemeji yangu nilimwambia ainue uso. Sikumwambia picha inakwenda wapi. Hata fedha siku hizi zinatumwa kwa simu bila jirani kujua, na hilo tunalo tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, ingawa nimeshaona mtu akiupiga picha ujumbe wa muamala na kuutundika kwenye status yake.

Ramadhani iliyopita niliomba kamati tubadilishe. Tulibishana mpaka karibu na Isha. Mwishowe tukakubaliana mifuko isambazwe kwa bajaji baada ya tarawehe, nyumba hadi nyumba, bila bango. Kwa shemeji nilipeleka mwenyewe na mke wangu. Aliupokea mlangoni, taa ya nje imezimwa, akatuuliza habari za watoto.

Siku ya tatu mfadhili mmoja akapiga simu kuuliza picha ziko wapi. Nikamtumia picha ya magunia na ya risiti. Akaandika: "Na watu?" Nikamjibu kwamba watu wamefuturu. Mpaka naandika makala haya bado hajarudisha jibu.