Kuchagua Mashine Ndogo ya Kusagia Kahawa

Kwetu Bwera twalima arabika, na mama huikaanga na kuitwanga kinuni. Likizo iliyopita alinituma Kasese na akiba yake ninunue mashine ya umeme.

Nusura nichukue ile ing'aayo kuliko zote. Lakini yafaa kutazama ndani. Yenye kisu hukatakata buni ovyo: unga mwembamba hutia uchungu, na chenga hazikolei. Yenye vyuma viwili vya meno husaga sawasawa, ila bei yake ilizidi akiba. Basi nilichukua ya kisu, baada ya kusoma chini yake: volti 240, kama umeme wetu. Ya volti 120, ya Marekani, ingeungua.

Mama huibonyeza kidogo kidogo, akiitikisa, isipate moto. Mchi hakuutupa; umeme ukikatika huurudia.