Buu Ndani ya Shina la Mharage
Mharage wa wiki tatu ukianza kuwa njano na kunyauka, wengi hukimbilia bomba la dawa. Kwanza ng'oa mche mmoja, ulibandue shina kwa ukucha pale linapotokea ardhini. Ukikuta limevimba na kupasuka, na chini ya ganda kumejificha pupa wadogo wa kahawia, hiyo ni kazi ya inzi wa maharage, na dawa ya kupulizia majani imeshachelewa.

Inzi huyu ni mweusi wa kung'aa, urefu wake milimita 2 hivi. Hutoboa majani ya kwanza ya mche na kunyonya utomvu. Katika baadhi ya matundu hutaga yai. Buu akianguliwa hupita ndani ya mshipa wa jani, akaingia kwenye kikonyo, akashuka na shina mpaka karibu na mizizi. Kwa hiyo umanjano unaouona leo ulianza na yai la siku nyingi nyuma.

Mdudu mdogo hivyo anauaje mmea? Maji hupanda kutoka mizizini kwa njia za ndani ya shina. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kwa njia zilizo karibu na ganda. Buu hula huko karibu na ganda. Mabuu wakiwa kadhaa hulizunguka shina zima, mizizi ikafa njaa, na majani yakakosa wa kuyaletea maji.

Hata hivyo mharage hujitetea: huchipua mizizi mipya juu ya jeraha. Ikikuta hewa kavu hufa, ikikuta udongo hushika. Ndiyo maana palizi ya wiki ya pili au ya tatu iende pamoja na kupandishia udongo shinani. Kwa mkulima asiye na fedha, sijui msaada mkubwa kuliko huu.

Kupanda mapema husaidia pia, kwani inzi huongezeka msimu ukisonga. Anayetumia dawa aipake kwenye mbegu, aina inayofyonzwa na mmea, imkute buu ndani.

Tena wapo nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mabuu hao. Mwaka 1969 walichukuliwa kutoka Uganda hadi Hawaii, ambako inzi huyu alikuwa ameingia karibuni, wakampunguza sana. Kupulizia kwa kubahatisha huwaua nyigu, huku buu akiendelea kula shinani.