Daktari, wanataka kunitoboa mfupa

SWALI: Mimi ni mama wa miaka 52, naishi Morogoro. Tangu mwaka jana naishiwa damu. Nimeongezewa mara mbili, lakini haikai, inashuka tena. Sasa wanasema hata chembe nyeupe na chembe sahani ziko chini, na nimepewa rufaa ya kwenda Dar es Salaam kufanyiwa kipimo cha uloto. Jirani yangu anasema sindano hiyo huchomwa uti wa mgongo na yuko mtu alipooza. Dada yangu anasema nikishatolewa uloto nitakuwa dhaifu maisha yangu yote. Nesi aliniambia haiumi, ila wakati anasema alikuwa anaangalia pembeni. Usiku silali. Nimeshaahirisha mara moja, na tarehe nyingine ni wiki ijayo. Inauma kiasi gani? Na nitaweza kurudi nyumbani siku hiyohiyo? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Pole sana, mama, na hongera kwa kuuliza kabla ya kuahirisha mara ya pili.

Inauma. Watu hawaumii sawa, na sehemu kubwa ya kazi yenyewe utaisikia kama kusukumwa tu, lakini zipo sekunde chache ambazo utazikumbuka. Sipendi wagonjwa waambiwe “haiumi”. Anayesema hivyo anataka kutuliza, namwelewa. Tatizo ni kwamba mgonjwa akishaaminishwa hivyo, yale maumivu ya kwanza humfanya adhani kuna kitu kimeharibika. Anakakamaa, anabana pumzi, na hapo kweli anaumia.

Mwaka 2009 watafiti wa Sweden walichapisha majibu ya wagonjwa 235 waliofanyiwa kipimo hiki. Kati yao 165 walisema waliumia, na karibu theluthi ya hao walisema maumivu yalikuwa makali. Wengine 70 hawakuumia. Kilichonigusa zaidi ni kwamba wale waliokuwa na wasiwasi juu ya majibu ya kipimo walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuumia. Si wasiwasi wa sindano peke yake, ni hata wa karatasi itakayotoka maabara baadaye. Kwa hiyo unapokaa macho usiku huko Morogoro, jiulize unaogopa kipi hasa: kutobolewa, au utakachoambiwa? Hofu hizo mbili hazina dawa moja, na ukizichanganya hakuna hata moja itakayopungua.

Tuanze na ya jirani. Kuna kipimo kingine ambacho sindano huingizwa katikati ya pingili za mgongo ili kuchukua maji yanayozunguka ubongo na neva, hasa mtu akihisiwa kuwa na homa ya uti wa mgongo. Watu wengi huvichanganya vipimo hivi, kwa sababu vyote huweza kufanywa umelala ubavu na vyote hufanywa kwa nyuma. Chako hakigusi uti wa mgongo kabisa. Pitisha vidole gumba juu ya makalio, kulia na kushoto kwa mstari wa katikati. Utapata vishimo viwili na chini yake mfupa mgumu. Huo ni mfupa wa nyonga, na hapo ndipo sindano inapoingia. Ni mfupa mpana na uko karibu na ngozi. Neva kuu inayopita ndani ya uti wa mgongo huwa imeshaishia juu zaidi, sehemu ya juu ya kiuno.

Madhara makubwa ni nadra. Daktari Barbara Bain wa London alikusanya taarifa za vipimo 54,890 vilivyofanyika hospitali za Uingereza katika miaka saba. Waliopata madhara ya kuhesabika walikuwa 26, chini ya mtu 1 katika 2,000. Zaidi ya nusu yao ilikuwa ni kutokwa damu, na mmoja alifariki. Sikufichi hilo la kifo, kwa sababu ndilo linaloeleza kwa nini daktari atakuuliza mara mbilimbili juu ya dawa unazotumia. Kama unameza aspirini, klopidogreli, warfarini au dawa yoyote ya kuzuia damu kuganda, mtajie, na usiiache kwa uamuzi wako mwenyewe. Chembe sahani kuwa chini peke yake kwa kawaida hakuzuii kipimo. Baada ya hapo pamba itakandamizwa kwa muda mrefu zaidi, basi.

Kuhusu dada yako: kinachochukuliwa ni mililita chache za uloto (kwa ndugu zetu wa Kenya, uboho) na kipande cha mfupa chenye unene wa njiti ya kiberiti na urefu wa sentimita moja na nusu au mbili. Uloto wa mtu mzima mwenye afya hutengeneza chembe nyekundu zipatazo bilioni 200 kila siku. Kilichotolewa hurudishwa, na kile kitundu kwenye mfupa huziba. Nadhani hofu hii imechochewa na habari za upandikizaji. Tangu Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ianze kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, watu wakisikia neno uloto wanawaza mtu anayetoa wake kumpa mwingine. Wewe humpi mtu kitu. Udhaifu unaousikia sasa unatokana na damu kuwa chini, na sababu yake ndiyo inayotafutwa.

Sasa twende chumbani, maana kinachotisha zaidi ni kile usichokijua.

Utasaini fomu ya ridhaa. Utalala ubavu, magoti umeyakunja kuelekea tumboni, au kifudifudi. Utafunuliwa sehemu ndogo tu juu ya kalio. Nenda na khanga yako ya kujisitiri. Daktari atapapasa kwa kidole gumba hadi aupate mfupa, kisha atapasafisha kwa dawa ya baridi. Halafu inakuja sindano ya ganzi. Ni nyembamba, na inawasha kwa muda mfupi ikiingia kwenye ngozi, kisha inazama hadi kwenye utando unaoufunika mfupa. Utando huo una neva nyingi, kwa hiyo ndio unaohitaji ganzi ya kutosha.

Hapo, mama, ndipo penye siri ya kazi yote. Ganzi inahitaji dakika kadhaa ishike. Kliniki ikijaa na foleni ikifika hadi mlangoni, dakika hizo ndizo za kwanza kuibwa. Daktari mzuri atagusa kwa ncha na kukuuliza, “Unasikia nini?” Asipouliza, sema wewe. Ukisikia unasukumwa, hiyo ni kawaida. Ukisikia kitu chenye ncha kinachoma, mwambie, “Daktari, bado nasikia ncha.” Ganzi huongezwa. Tumezoea kumwambia mgonjwa “jikaze”, na wanaume ndio wanaoumia zaidi na neno hilo: mtu anauma meno, jasho linamtiririka, kumbe ilikuwa ni mililita chache tu za lignokaini, ile dawa ya ganzi, zimepungua. Mgonjwa anayesema anamsaidia daktari, maana daktari amekaa nyuma yako na uso wako hauoni.

Ganzi ikishika, inafuata sindano nene. Utasikia uzito, kusukumwa na kuzungushwazungushwa. Wengine husikia hata mkwaruzo wa mfupa. Inashangaza kuliko inavyouma. Kisha daktari atafungia bomba nyuma ya sindano na kuvuta uloto. Hizi ndizo zile sekunde nilizokutajia. Ganzi hufika kwenye ngozi na utando wa nje, haifiki ndani ya mfupa, kwa hiyo mvuto ule utausikia: kuvutwa kwa ndani, ghafla, wakati mwingine kukashuka hadi pajani. Ni sekunde chache, na bomba likiacha kuvuta, maumivu yanaisha palepale. Mwombe daktari akuambie kabla: “Navuta sasa.” Wewe uanze kushusha pumzi taratibu kwa mdomo, ndefu, kabla hajavuta. Usiibane. Kama una uradi wako au rozari yako, hapo ndipo pake. Kama kuna nesi wa kukushika mkono, mwombe, hakuna atakayekucheka.

Wakati mwingine wanavuta na hakitoki kitu. Usidhani daktari hajui kazi, na usidhani umekauka. Kuna hali ambazo uloto hushikamana ndani ya mfupa na hauvutiki, na hilo lenyewe ni taarifa kwa mtaalamu. Ndiyo sababu huchukuliwa pia kile kipande cha mfupa, mara nyingi kwa sindano iliyobuniwa na Daktari Khosrow Jamshidi, ambayo maelezo yake yalichapishwa 1971. Inazama, inazungushwa, inatoka na kipande. Utasikia presha, pengine maumivu mafupi mengine. Kazi yote, tangu ulale hadi plasta ibandikwe, kwa kawaida haimalizi nusu saa.

Kabla ya siku hiyo, uliza kama unaweza kumeza parasetamo saa moja hivi kabla ya kuingia. Usimeze brufeni wala diklofenaki kwa kuwa zinaathiri kazi ya chembe sahani, na zako tayari ni chache. Na kama ukifikiria sindano moyo unakwenda mbio na mikono inatetemeka, sema mapema, siku ya kupanga tarehe na si mlangoni. Baadhi ya hospitali hutoa dawa ya kukusinzisha kidogo, kama midazolamu. Ukipewa hiyo utatakiwa ufunge kula kwa saa watakazokuambia, na uwe na mtu wa kukurudisha. Watoto, kwa maoni yangu, wasifanyiwe kipimo hiki wakiwa macho pale ambapo mtaalamu wa usingizi anapatikana. Mtoto aliyeshikwa na watu wazima wanne mara ya kwanza atapiga kelele akiliona geti tu mara ya pili.

Sasa ile hofu ya pili, ya majibu. Najua jina la ugonjwa unaloliwaza. Kila anayeandikiwa kipimo cha uloto huliwaza. Ni kweli kipimo hiki hutafuta saratani za damu, na sitakuahidi kwamba hazimo. Lakini kinatafuta na mengine mengi. Aina zote tatu za chembe zikishuka pamoja, swali la daktari ni moja: kiwanda kimesimama, kimevamiwa, au kinakosa malighafi? Ukosefu wa vitamini B12 unaweza kushusha chembe zote hivyohivyo, na tiba yake ni sindano za vitamini. Kifua kikuu huweza kuingia kwenye uloto. Huko Baringo na Turkana nchini Kenya, kipimo hikihiki husaidia kumtambua mgonjwa wa kala-azar. Wengine hukutwa uloto umepungua kiasi cha kutotengeneza damu, na huo nao una matibabu yake. Hata jibu likiwa lile unaloliogopa, zipo saratani za damu ambazo mtu huishi nazo miaka mingi kwa vidonge. Kuongezewa damu kila mara bila kujua inapotelea wapi ndiyo hatari unayoishi nayo sasa hivi, tena kila wiki unayoahirisha.

Jiandae kusubiri. Maji ya uloto hupakwa kwenye vioo na huweza kusomwa ndani ya siku chache. Kipande cha mfupa huchelewa, kwa sababu hakikatiki kwa kisu cha maabara mpaka kilowekwe kwenye dawa ya kutoa madini yanayokifanya kigumu; hesabu wiki moja au mbili, pengine zaidi. Majibu kuchelewa si dalili kwamba ni mabaya. Kabla hujaondoka hospitali, uliza mambo mawili na uandike: majibu yatatoka lini, na nani atakayekueleza. Siku ya kuyapokea nenda na mtu mwenye masikio, maana wewe utalisikia neno la kwanza na mengine yote yatapita. Na tafadhali usiipige picha karatasi ya majibu na kuituma kwenye kundi la familia kabla daktari hajakusomea. Nimeona ndoa ya watu ikitikiswa na mjomba aliyetafuta neno moja kwenye simu.

Baada ya kipimo utalala chali dakika 15 hadi 30, uzito wako ukandamize kidonda. Ganzi ikiisha utasikia maumivu ya kuvilia damu, kama vile umejigonga, kwa siku mbili tatu hivi. Meza parasetamo. Plasta isilowe kwa saa 24. Oga kwa kitambaa. Kwa siku mbili usibebe ndoo ya maji wala kutwanga. Rudi hospitali, au nenda kituo cha afya kilicho karibu, kama damu inapenya plasta na haikomi hata ukipakandamiza, kama pamevimba na panazidi kuuma, kama panatoa usaha, kama mguu umekufa ganzi, au kama una homa. Homa usiipe hata siku moja, kwa sababu chembe zako nyeupe ziko chini.

Na ndiyo, utarudi Morogoro siku hiyohiyo kama hukupewa dawa ya kusinzia na hujatokwa damu. Treni ya SGR ni bora kwako kuliko basi: haina matuta, na unaweza kusimama ukichoka kukaa. Kalia kalio la upande wa pili. Kutoka stesheni hadi nyumbani usipande bodaboda. Tafuta bajaji au teksi, na dada yako akupokee.