Kigumba Gani kwa Upinde Mrefu?

*Najifunza kulenga shabaha kwa upinde mrefu wa Kiingereza. Natumia mkono wa kulia, ila mishale yangu ya mbao hukimbilia kushoto. Je, ninunue vigumba vya makali? Msomaji, Leicester*

Makali achana nayo. Yatararua shabaha ya klabu, na Uingereza kuwinda kwa upinde ni marufuku. Jicho lako huenda halina kosa. Mshale ukienda kushoto, mara nyingi uti wake ni mgumu mno, haupindi vya kutosha kuupita upinde. Kama vigumba vyako ni vya gramu 6.5, jaribu vya gramu 8: uzito wa mbele huufanya uti unyumbuke zaidi. Badilisha mishale mitatu tu kwanza. Hali ikiendelea, mwombe mkufunzi atazame unavyoachia upote. Na uti wenye ufa uvunje, usiurushe kamwe.