Nikilima siku moja, nalala mbili

SWALI: Daktari, nalima ndizi milimani, Mkuyuni. Tangu niugue homa kali mwaka jana, nikipanda shambani leo, kesho na keshokutwa siamki. Malaria haionekani. Nyumbani wanasema ni uvivu. Je, nahesabika mwenye ulemavu?
Mama wa Mkuyuni

JIBU: Pole sana, mama. Uvivu haumwangushi mtu kesho yake baada ya kazi. Anza kwa kupimwa wingi wa damu, sukari, kifua kikuu, VVU na tezi ya shingo. Kituo kikishindwa, omba rufaa ya Hospitali ya Mkoa, Morogoro. Yote yakiwa sawa na hali imepita miezi 6, huenda ni sindromu ya uchovu sugu. Haina kipimo chake, hivyo maelezo yako ndiyo ushahidi: andika daftarini ulichofanya na ulivyoamka.

Wagonjwa wa hali hii huko Uingereza walilalamika kwa miaka kwamba mazoezi ya kuongezwa kidogo kidogo yanawaumiza. Mwaka 2021 mwongozo wa tiba wa huko uliacha kuyapendekeza. Basi usijikaze: palilia kidogo, pumzika kabla hujachoka.

Kuhusu ulemavu, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inaangalia pia kupungukiwa nafasi ya kushiriki maisha sawa na wengine, si kiungo kilichokatika tu. Ila jina la ugonjwa pekee halitoshi. Omba daktari aandike kazi usizoziweza, kisha muone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Muulize pia mikopo ya halmashauri, yenye fungu la wenye ulemavu.