Tamaa na Kusudio: Somo kwa Wanaojitayarisha Kuingia Udaktari



Muulizeni kijana wa kidato cha nne ataka kuwa nani, nanyi mtajibiwa upesi: daktari. Twalifurahia jibu hilo, kwani watu wetu wana haja kubwa ya madaktari waijuao lugha ya wagonjwa wao. Lakini mkimuuliza tena, juma hili amekusudia kufanya nini katika kemia, hunyamaza. Kijana huyo ana tamaa. Kusudio bado hana. Tofauti ya mawili haya ndiyo somo letu la leo.

Kwanza na ujulikane mlango wenyewe ulivyo. Uhindi na Marekani kuna mtihani wa pekee wa kuingilia vyuo vya udaktari. Kwetu Kenya, kwa vyuo vikuu vya serikali, mtihani ni ule ule wa KCSE, ulioanza mwaka 1989, na nafasi hugawanywa na KUCCPS kwa kufuata alama zake. Anayeutaka udaktari hutakiwa awe na B, kwa uchache, katika baiolojia, katika kemia, katika hisabati au fizikia, na katika Kiingereza au Kiswahili. Hiyo B ni ruhusa ya kubisha hodi tu. Wafunguliwao kwa kawaida ni wenye A na A-, kwa kuwa nafasi ni chache na wabishao ni wengi.

Hapa ndipo vijana wetu wanapoteleza. Husema, "Kusudio langu ni A." Twawaambia: A haimo mikononi mwenu, imo mikononi mwa msahihishaji. Lililo mikononi mwenu ni kazi ya leo baada ya alasiri. Kusudio ni tendo ambalo mtu aweza kulitenda mwenyewe, akalipima, na akajua siku ya kulimaliza. "Nitasoma kemia kwa bidii" si kusudio, kwani hakuna siku ambayo mtu aweza kusema amelimaliza. "Kufikia Ijumaa ya pili nitakuwa nimefanya hesabu ishirini za moli bila ya kufungua kitabu" ni kusudio.

Wala kusudio haliwekwi gizani. Nahodha hawezi kupanga safari yake asipojua yuko wapi baharini. Basi mwanafunzi na achukue karatasi ya kwanza ya kemia ya mwaka uliopita, yenye alama 80, aweke saa mbele yake, aifanye kwa muda wa saa mbili kama ilivyo katika mtihani, kisha aisahihishe bila ya kujihurumia. Tuseme amepata 38. Hiyo 38 si aibu, ni habari. Na habari kubwa zaidi imo katika zile 42 alizozikosa: ngapi alizikosa kwa kutojua, ngapi kwa kusahau, ngapi kwa kutolisoma swali vizuri, na ngapi kwa kuacha kuandika kizio cha kipimo? Aliyekosa kwa kutojua dawa yake ni kurudi darasani. Aliyekosa kwa haraka hata akisoma usiku kucha hapati faida, kwani maradhi yake si hayo. Twaona vijana wengi hujitibu maradhi wasiyokuwa nayo: hulisoma tena na tena lile somo walipendalo, nalo lile wasilolijua wakaliacha mpaka Oktoba.

Kuna na jambo jengine lisahauliwalo sana, nalo ni karatasi ya tatu, yaani ya vitendo. Katika baiolojia, kemia na fizikia karatasi hiyo ina alama 40 katika jumla ya 200. Ni humusi nzima ya somo. Katika kemia, kujaza jedwali la bureti lote, kuandika desimali kwa namna moja, na kutoa wastani kwa vipimo vinavyokaribiana, vyote hivyo vina alama zake. Haviombi akili ya ajabu. Vyaomba mkono uliozoea, na mkono hauzoei kwa kusoma daftari. Basi anayekusudia na amwendee mwalimu wake mapema, amwombe nafasi ya maabara, apange na wenziwe wawili watatu siku moja katika juma.

Mwezi wa Ramadhani nao uhesabiwe katika mpango tangu mwanzo. Mtu akijiwekea katika mwezi huo kazi ile ile ya miezi mengine, atashindwa juma la kwanza, kisha atauona mpango wote ni uongo na autupe. Apunguze. Na juma ambalo kusudio halikutimia asijilaumu sana wala asiliongeze mara mbili juma la pili; aulize sababu, alirekebishe, aendelee.

Sasa twawageukia wazazi. Kumwita mtoto "daktari wetu" mbele ya wageni arusini si kumsaidia. Mtoto yule hujifunza kuwa alama ikiwa ndogo ni ya kufichwa, na alama iliyofichwa haimfundishi mtu kitu. Wengine hutoa fedha nyingi za masomo ya jioni, nao hawajui mtoto ameshindwa na mada gani. Lau wangemuuliza kila Jumamosi usiku, kwa upole, "Juma hili ulikusudia nini, na umefikia wapi?", swali hilo lingefaa kuliko fedha nyingi.

Mwisho, kijana na mzazi wakae mapema waandike kusudio la pili, kabla ya matokeo si baada yake. Asiyepata nafasi ya chuo kikuu aweza kusomea utabibu kwa miaka mitatu katika chuo cha KMTC, chenye matawi Mombasa, Kilifi na Msambweni, na matabibu hao huwapokea wagonjwa wengi. Maombi yake yana siku zake, na aliyezijua tangu mapema hazimpiti.